Mungu Ametenda, na Mjomba Akapiga Simu

Siku niliyopata kazi niliandika maneno mawili kwenye stetasi yangu ya WhatsApp: Mungu ametenda. Nikaongeza picha ya mikono iliyoinuliwa na wimbo wa injili ambao, kusema ukweli, sikuwa nimewahi kuusikiliza hadi mwisho. Kufikia jioni watu zaidi ya 80 walikuwa wameitazama. Wengi waliandika Amina. Shangazi yangu aliandika Amina saba, moja moja, kama mtu anayehesabu chenji.

Mtu mmoja alitazama akanyamaza. Tulikuwa tumekua pamoja Kanyangi, tukapanda gari moja la alfajiri hadi Nairobi, tukakodi chumba kimoja Pipeline chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Kazi hiyo hiyo naye aliiomba. Mahojiano tulienda siku moja, mashati yetu yamenyooshwa kwa pasi moja ya kuazima. Usiku ule alikuwa kwenye kibarua cha kupakia mizigo Eneo la Viwanda. Saa nne hivi akaniandikia: "Hongera bro. Mungu wangu labda hakuwa na bando."

Nilicheka peke yangu pale kitandani. Halafu kicheko kikanikwama.

Kuna jambo sikuwa nimeliandika. Mjomba wangu anamjua mtu kwenye ile ofisi. Wiki moja kabla ya majibu kutoka, mjomba alinipigia akaniuliza jina langu kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, akasema, "Wacha niongee na mtu." Sikumwambia aongee. Pia sikumwambia asiongee. Baada ya siku nne ofisi ikanipigia, na mimi, kijana niliyelelewa kanisani, nikamshukuru Mungu hadharani kwa kazi iliyofanywa na simu ya mjomba.

Tangu hapo swali hili halijaniacha. Tunapomwomba Mungu atusaidie kazini, na tunapomshukuru tukisaidika, tunasema nini hasa? Na yule aliyesimama kando akitusikiliza, anaambiwa nini?

Kanyangi iko upande wa Kitui Rural. Ukishuka kuelekea Mto Athi unaitazama Makueni ng'ambo. Ni nchi kavu. Mvua tunayoitegemea zaidi ni ya vuli, Oktoba hadi Desemba, na ikikosa msimu huo, umekosa mwaka. Labda ndiyo maana kwetu hakuna kazi inayoanza bila ombi. Gari la Nairobi likijaa gizani, abiria mmoja husimama akaomba kabla dereva hajakanyaga mafuta. Kijana wa boda boda amechora "Kwa Neema" kwenye pikipiki ambayo bado anailipia mkopo. Mama yangu hashiki jembe asubuhi ya kwanza ya kupanda kabla hajanong'ona kitu. Jioni akitoka shambani, hata kama siku haikuwa na lolote la maana, atasema ahsante. Nimeona fundi akiweka mkono juu ya injini ya pampu iliyokataa kuwaka na kuiombea, kisha akafungua plagi akaisafisha. Ikawaka. Hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Hata lugha yenyewe haioni ugomvi. Kwa Kiswahili tunaomba Mungu, tunaomba kazi, na tunaomba chumvi kwa jirani, na neno ni lile lile. Anayezidisha huitwa ombaomba. Yaani kuomba kwa mbinguni na kuomba kwa mlango wa pili vimelala kitanda kimoja, na ukianza kuvitenganisha utakuta shuka ni moja.

Nilipopeleka swali langu kwa marafiki wa hapa mjini, nilipata majibu mawili. Yote mawili ni mepesi, na nadhani yote mawili si kweli.

La kwanza: acheni hizo, kazi ni bidii. Mungu hana shughuli na CV yako. Aliyesoma amefaulu, aliyelima amevuna, na anayesema "Mungu ametenda" anamnyima sifa mtu aliyetoa jasho, ambaye mara nyingi ni yeye mwenyewe. Nilikuwa karibu kulikubali jibu hili, kwa sababu linasikika la kisasa. Lakini ukitoka Ukambani huwezi kulimeza lote.

Wazee wetu huipa kila njaa kubwa jina lake. Ile ya mwaka 1984 inaitwa Nikw'a Ngwete. Maana yake ni kama "nakufa nikiwa nimeshika," na kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa wamefanya kazi. Wengine walikuwa na mishahara, wengine walikuwa wameuza mifugo, shilingi ziko mkononi. Chakula cha kununua ndicho hakikuwepo. Mama yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo, na hadi leo akimsikia mtu akisema "mimi sitegemei mtu, nina pesa zangu," hutabasamu tu bila kusema kitu. Jina lile ni falsafa nzima kwa maneno mawili. Bidii ni lazima, ila bidii haimiliki matokeo. Mkulima anaweza kupanda kwa wakati, kupalilia kwa wakati, na bado akasimama Januari akitazama majani ya kahawia. Wahenga wa pwani walisema riziki haivutwi kwa kamba. Si uvivu huo. Ni taarifa kutoka kwa watu waliojaribu kuivuta wakaona kamba inakatika.

Kuomba, basi, hata kabla hujaamua Mungu ni nani, ni kukiri jambo la kweli: kwamba kazi yangu inategemea vitu ambavyo mikono yangu haivifikii. Mtu anayeomba kabla ya kazi si lazima awe amekwepa kazi. Anaweza kuwa ameitazama vizuri kuliko mwenzake.

Jibu la pili ni la upande mwingine, na ndilo linaloniogopesha. Linasema: Mungu husaidia, ila wewe hukuomba inavyotakiwa. Hukufunga. Hukutoa. Imani yako ilikuwa na tobo. Waliopata wamepata kwa sababu wanajua njia. Jibu hili limejaa mjini, limebandikwa kwenye nguzo za stima na lina namba ya paybill chini yake.

Mwenye jibu hili ningempeleka Mwingi, kaunti hii hii yetu ya Kitui. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu uliokuwa umefurika. Mto ukalichukua. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine waliokolewa majini. Hao walikuwa watu wa kuimba sifa, wakiwa safarini kuimba sifa. Nani atasimama mbele ya familia zile aseme imani ilikuwa na tobo? Na aliyetolewa majini akiwa hai, ambaye bila shaka alikuwa na kila sababu ya kulia kwa shukrani, angeitoa vipi shukrani hiyo mlangoni pa kanisa lililojaa majeneza ya wenzake?

Au chukua mvua yenyewe. Tarehe 14 Februari 2023 kulikuwa na siku ya kitaifa ya maombi, Uwanja wa Nyayo, kuomba mvua baada ya misimu mitano mfululizo ya ukame katika maeneo kame ya nchi. Mvua ilikuja. Na kabla mwaka huo haujaisha, El Niño ikaleta mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 100 nchini. Aliyeomba maji na aliyezolewa na maji walikuwa raia wa nchi moja. Kama ni risiti tunayoitafuta, kwamba tulilipa hiki tukapewa kile, basi risiti hii haisomeki.

Kwa hiyo nikabaki katikati. Bidii haitoshi, na ombi si namba ya siri ya kufungulia ghala. Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu wa kwetu ambaye alikaa na maswali haya maisha yake yote.

John Mbiti alizaliwa Mulango, karibu na mji wa Kitui, mwaka 1931. Akawa kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa, akafundisha Makerere, akafariki Uswisi mwaka 2019. Kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Afrika bado kinasomwa vyuoni. Mwaka 1975 alichapisha mkusanyo wa sala za dini za jadi kutoka sehemu nyingi za bara. Katika ulimwengu anaoueleza Mbiti, watu huomba vitu vya mkononi: mvua, mtoto, afya, ng'ombe, safari njema. Dini haina siku yake maalumu. Imeingia shambani, jikoni na kwenye zizi. Okot p'Bitek wa Uganda hakukubaliana naye. Aliwashutumu Mbiti na wenzake kwa kumvisha Mungu wa Waafrika kanzu za Wagiriki na wamisionari. Ugomvi wao ni mtamu na sitautatua hapa. Lakini kuna jambo moja ambalo hata mwanafunzi wa Okot angelikubali akifika kwetu akaona palipokuwa mathembo.

Ithembo ni mahali pa sadaka, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa aina ya mkuyu ambao sisi huuita mumo. Mvua ikikataa, wazee wa ithembo walipeleka sadaka pale kwa niaba ya eneo zima. Si kwa shamba la fulani. Sijui kama mtu angeweza hata kufikiria kwenda chini ya mumo kuomba mvua inyeshe kwake peke yake, ikome kwenye ua wa jirani. Angeonekana mchawi. Ombi lilikuwa la wengi, na mvua ikija, shukrani ilikuwa ya wengi. Hakukuwa na nafasi ya stetasi.

Sisemi turudi chini ya mti. Nasema tu kwamba kuna kitu kilidondoka njiani tulipohama kutoka "tunyeshee" kwenda "ninyeshee".

Na hakijadondoka chote. Ukitaka kukiona kikiwa hai, njoo Kitui wakati wa kiangazi ukute watu wakijenga bwawa la mchanga. Mito yetu mingi ni ya msimu: maji hupita kwa saa chache yakiwa na hasira, kisha unabaki mchanga mtupu. Basi watu hujenga ukuta wa mawe na saruji katikati ya mto, kuanzia kwenye mwamba ulio chini. Mvua ikinyesha, maji hubeba mchanga na kuuacha nyuma ya ukuta. Inaweza kuchukua misimu kadhaa kabla pajae. Mchanga ukijaa, maji hujificha ndani yake, kati ya punje na punje, mahali ambapo jua haliyafikii na mbu hawezi kutaga. Wakati wa kiangazi unachimba kwa mikono, au unachota kwenye kisima kilichojengwa kando. Shirika la SASOL na vikundi vya wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa haya Kitui tangu miaka ya 1990.

Kazi yenyewe hufanywa kwa mwethya, ushirika wetu wa kazi. Mawe hubebwa na wote, wengi wao akina mama, na siku huanza kwa sala. Nimesimama kwenye ile sala nikiwa na umri wa miaka 12, jiwe miguuni. Aliyeomba hakuomba jiwe lijibebe. Aliomba mtu asiumie, mvua isichelewe, na tusigombane. Ombi la tatu ndilo lililonishangaza wakati huo. Leo naona lilikuwa la maana kuliko yote, kwa sababu ukuta ule hauna maana bila mvua, na mvua haina faida bila ukuta, na vyote viwili havifai kitu kama watu watapigana juu ya nani achote kwanza. Na maji yakipatikana pale, hakuna anayeweza kusema "Mungu amenitendea." Mto haumtendei mtu mmoja.

Nimefika sasa kwa mama, ambaye ndiye aliyenifundisha somo hili bila kujua anafundisha.

Nilikuwa kidato cha tatu. Oktoba ile, kama kila mwaka, watu walileta mbegu kanisani ziombewe. Ndengu, kunde, mbaazi, mahindi, kila mtu na bakuli lake. Mama aliketi karibu na mama mmoja jirani yetu wa ng'ambo ya kilima. Waliinua mabakuli pamoja. Mvua ya mwaka huo ikawa ya kubagua: upande wetu wa kilima ilinyesha mara tano, na upande ule mara mbili, halafu kimya. Februari tulikuwa na gunia nne za ndengu zilizopurwa na kupepetwa. Yule mama hakufikisha gorogoro mbili.

Jumapili moja mchungaji akaita wenye ushuhuda. Kila mtu alijua zamu ni ya mama. Gunia nne huonekana. Nikamwona akisimama, akanyoosha leso kiunoni, akasema kwa Kikamba maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Bwana asifiwe. Kwangu mvua ilinyesha. Sijui ni kwa nini. Nina mbegu. Anayehitaji apite nyumbani kabla ya Jumatano, kwa maana Jumatano dalali anakuja." Akaketi.

Kanisa likabaki linangoja sehemu iliyobaki. Haikuwepo.

Njiani nilimuuliza, "Mwaitu, mbona hukumshukuru Mungu vizuri?"

"Nimemshukuru."

"Umesema tu una mbegu."

Akatembea kidogo. Kisha akasema, "Yule mama alikuwa ameketi benchi ya tatu. Ulitaka nimwambie Mungu aliona shamba langu akalipita lake?"

Jumanne jioni yule mama alikuja. Alichukua gorogoro nne. Alizirudisha misimu miwili baadaye, na mama akazipima akazipokea zote. Mimi nilidhani ni uchoyo. Si angesema tu "acha"? Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba kukataa kungemgeuza mwenzake kuwa ombaomba. Kwa kupokea, walibaki majirani.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu, na ningependa ukijaribu. Shukrani yako, kabla ya kuitangaza, ipeleke kwanza kichwani mbele ya mtu aliyeomba kitu kile kile akakosa. Je, unaweza kuisema ukimtazama machoni? Ukiweza, hata kwa shida, hata kwa sauti ya chini, basi huenda ni shukrani. Ukishindwa, jiulize kwa nini. Huenda uliyoiita shukrani ni majigambo yaliyovaa nguo za Jumapili.

Injili ya Luka, sura ya 18, ina Farisayo anayesali hekaluni, na mtoza ushuru amesimama mbali. Tumezoea kumcheka. Lakini angalia sala yake: ni sala ya shukrani. Hakuomba kitu hata kimoja. Alimshukuru Mungu kwamba hakuwa kama wengine, akiwemo yule mtoza ushuru. Shida yake haikuwa kukosa shukrani. Shida ilikuwa kwamba shukrani yake ilihitaji mtu wa kudharau ili ikamilike.

Neno letu lenyewe lingemsaidia. Ahsante limetoka kwa Kiarabu, na asili yake ni kumwambia mtu kwamba ametenda vyema. Linamtazama aliyetoa. Halisemi "mimi nimepata," wala halisemi "mimi nimechaguliwa." Na majirani zetu Waislamu wana jambo ambalo limenifundisha pia: fundi huanza kwa Bismillahi, na ukimuuliza habari za siku atasema Alhamdulillahi, iwe amepata kazi tatu au ameketi tangu asubuhi bila mteja. Sifa yake haikungoja matokeo. Kwa hiyo hakuna aliyekosa anayeweza kuumizwa nayo.

Najua kuna atakayenipinga, na ana haki. Atasema: watu wamelia miaka mingi. Mwanamke aliyepoteza mimba nne akipata mtoto, unataka anong'one? Kijana aliyetembea na bahasha mtaani miaka mitatu akipata kazi, apime kwanza hisia za kila mtu? Maskini ana furaha chache, na wewe unataka kuzitoza ushuru?

Hapana. Apige vigelegele. Kipimo changu si cha kunyamazisha. Mama hakunyamaza, alisimama mbele ya kanisa zima. Na aliyekosa mara nyingi ana moyo mpana kuliko tunavyodhani; anaweza kufurahi nawe kabisa, mradi furaha yako haimwambii kwamba yeye ni wa pili mbinguni. Ninachouliza ni kama shukrani ile inafungua mkono au inaufunga. Mama alisema "sijui ni kwa nini," na palepale mlango ukafunguka, kwa sababu asiyejua kwa nini amepata hawezi kudhani ni haki yake peke yake. Anayejua sana kwa nini amepata hufunga ghala.

Kuna na hili jingine, dogo lakini la kila siku. Mara ngapi tumemshukuru Mungu kwa chakula huku aliyekipika amesimama mlangoni na hajaambiwa kitu? Kwenye nyumba nyingi za Nairobi aliyepika ni msichana kutoka Kitui au Makueni, ameamka saa kumi na moja, na sala ya mezani inampita kama upepo. Sidhani Mungu anapungukiwa tukimtaja na yeye. Kama Mungu anatenda, mara nyingi anatumia mikono ya mtu, na kumshukuru Mungu ili tusimshukuru mtu ni njia ya kukwepa deni.

Sasa nirudi kwenye deni langu.

Nilikijaribu kipimo kwenye ile stetasi yangu, na nikaona sishindwi tu, bali nashindwa kwa namna tofauti na ambavyo mama angeshindwa. Mvua haikupigiwa simu. Mama alipata kwa bahati au kwa neema, chagua neno lako, na kwa hiyo ilimtosha kugawa. Mimi nilipata kwa sababu karatasi ya mtu mmoja ilisogezwa juu ya karatasi za wengine, na mmoja wa hao wengine alikuwa akilala kitanda cha pili. "Mungu ametenda" ilikuwa sabuni. Niliitumia kuosha kitu. Nikamfanya Mungu shahidi wangu wa uongo kwa jambo ambalo kila Mkenya anajua jina lake: kujuana.

Nilimwambia Jumamosi moja, kwenye kibanda cha chapati na maharagwe tulichokizoea. Nilimweleza yote, simu, kitambulisho, siku nne. Alimaliza chai yake kwanza. Kisha akasema, "Kwa hivyo mimi nilifunga siku tatu kushindana na simu ya mjomba wako."

Sikujua kwamba alikuwa amefunga. Tuliishi chumba kimoja na sikujua. Nilidhani hana hela ya chakula.

Sikuacha kazi. Ningependa kuandika kwamba niliacha, lakini mwisho wa mwezi nilimtumia mama pesa, na mwisho wa mwezi uliofuata pia. Nilijitolea kulipa kodi yote ya chumba kwa miezi mitatu. Alikataa mwezi wa kwanza, akakubali wa pili, wa tatu akalipa nusu yake bila kuniambia. Mjomba nilimshukuru kwa jina lake, na nikamwomba safari nyingine asiniulize kitambulisho. Aliumia kidogo. Alidhani amenisaidia, na kweli alinisaidia. Hilo ndilo gumu lake. Ofisini ilipotokea nafasi nyingine nilimpa rafiki yangu tangazo siku lilipotoka, nikaishia hapo. Aliitwa mahojiano. Hakuipata. Wala hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa zito kuliko lawama.

Desemba iliyopita tulikuwa Kanyangi sote wawili. Mvua ilikuwa imenyesha kiasi, si haba. Tulishuka mtoni asubuhi na mitungi, tukachimba mchanga nyuma ya ule ukuta tuliobebea mawe tukiwa watoto, na maji yakaja polepole, machafu kwanza, kisha safi. Mchana mama akapika muthokoi. Watu walikuwa wengi, mjomba akiwemo. Mama akamwambia rafiki yangu aombee chakula.

Alifumba macho. "Mungu, asante kwa waliopika," akasema. "Asante kwa waliochota maji. Walio na njaa leo uwaone, na sisi utuonyeshe wako wapi." Akanyamaza kidogo, nikadhani amemaliza. "Na safari nyingine, Mungu, kama ni simu, piga na yangu."

Wote wakacheka, mjomba zaidi ya wote. Mama ndiye hakucheka. Aliniangalia mimi, kisha yule kijana, kisha akaanza kupakua, akianza na sahani yake.

"Amina," nikasema.